Babu Shija na Wimbo wa Kumi na Mbili

Nyie wa zamu ya asubuhi pale Nyakato mmenichosha. Kila nikivaa buti na aproni, kabla sijagusa samaki wa kwanza, kuna mmoja anauliza: "Kabula, uliomba siku tatu ukakaa tano, ulikwenda kuolewa?" Sikwenda kuolewa. Nilimpeleka babu yangu Muleba kusikiliza kanda. Naandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache nikate minofu yangu kwa amani.

Kwa wasiomjua, Babu Shija ni baba yake mama. Umri wake unakaribia themanini, anaishi kwangu Buhongwa, na huniita mke wangu mbele ya mume wangu, ambaye ameshazoea kuwa wa pili. Zamani alipiga tromboni katika Mwaloni Jazz, bendi ya dansi ya hapa Mwanza. Tromboni ni lile tarumbeta refu lenye mrija unaosukumwa mbele na kurudishwa. Alijifunzia katika bendi ya shule ya misheni, akaingia kwenye dansi, mama yake akalia wiki nzima.

Bendi yao ilipanda treni kwenda Dar mara tatu kurekodi redioni. Siku zile wote walipiga pamoja chumba kimoja, maikrofoni moja katikati. Tromboni ya Babu ilikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, kwa hiyo fundi mitambo akamwomba arudi nyuma hatua mbili. Akarudi. Bado. Akarudi mpaka ukutani. Bado. Wimbo wa tatu akapigia mlangoni, na kuanzia wa nne akawa anapigia uani, karibu na pipa la maji, akitazama dirishani ili ajue lini aingie. Nyimbo kumi na moja ziko hivyo. Katika ule wa saba kuna jogoo, na jogoo anasikika vizuri kuliko Babu.

Nyimbo hizo tunazo kwenye simu. Binti yangu Neema akiziweka huuliza kila mara, "Babu, wewe uko wapi hapo?" na Babu humwambia asubiri, asubiri, huyo hapo, huyo wa mbali. Neema hucheka. Babu naye hucheka, lakini mimi ndiye ninayempelekea chai baadaye na ninajua anavyokaa kinyonge.

Ila kulikuwa na wimbo wa kumi na mbili. Siku hiyo mwimbaji aliamka na homa, sauti hana, na chumba kilikuwa kimeshapangwa. Ikaamuliwa tromboni iimbe badala yake. Fundi mitambo akatoa kichwa dirishani akasema, "Wewe wa nje, ingia." Babu akasimama mbele ya maikrofoni, karibu kabisa. Wimbo ule ulipigwa redioni mara chache, kisha haukusikika tena. Tulichojua ni kwamba mpiga gita la besi wao, marehemu Mzee Laurian wa Muleba, aliunasa kutoka redioni kwenye kanda, na kanda anayo mjane wake, Bibi Koleta.

Nilimpigia Bibi Koleta simu nikamwomba aitume kwa basi. Akakataa kwa upole. Nikamwomba basi mtu aicheze, airekodi kwa simu, atutumie. Akasema redio yake imekufa, na kanda haitoki nje ya nyumba. "Njooni," akasema. "Anayetaka kusikia aje."

Tungengoja hadi likizo ya Desemba, lakini sikio la kulia la Babu lilishafunga, na daktari akasema la kushoto linafuata, taratibu, na halitarudi. Babu alitoka hospitali akaniambia, "Mke wangu, nataka nijisikie nikiwa ndani ya nyumba, mara moja, kabla na hili halijafunga." Ndiyo maana niliomba siku tatu.

Buhongwa hadi Sengerema: kifungua kinywa cha majini

Babu alikataa kula asubuhi. Niliposisitiza akasema ana mpango wake. Akavaa suti ya kijivu, akatia meno ya bandia mfukoni ili yasichoke kabla ya wakati, akaibeba tromboni. Kasha lake lilioza zamani, kwa hiyo inaishi ndani ya blanketi, na mrija umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli usije ukachomoka. Kondakta akataka kuiweka kwenye buti. Babu akamwambia hata Dar haikusafiri kwenye buti, ikasafiri mapajani. Ikasafiri mapajani.

Tukafika darajani Kigongo. Mimi nikawa natazama maji, napiga picha za kuwaringia nyie. Gari likateleza juu ya lami, likashuka Busisi, likaendelea zake. Kitambo kidogo baadaye Babu akanishika mkono.

"Tunapanga foleni saa ngapi?"

"Foleni ya nini, Babu?"

"Ya kivuko."

"Tumeshavuka. Kuna daraja."

Alijua kuna daraja, alilisikia redioni kama sisi sote. Ila kichwani mwake daraja lilikuwa la magari ya wakubwa, sisi wa basi tungeendelea na kivuko. Mpango wake ulikuwa kununua samaki wa kukaanga Kigongo na kumla katikati ya maji, kama alivyofanya kila bendi ilipokwenda kupiga Geita. Akamwita kondakta na kumuuliza kama gari linaweza kurudi kidogo.

"Kurudi wapi, mzee wangu?"

"Pale nyuma, kwenye samaki."

Abiria wakaangua kicheko. Babu akavaa meno yake, akawatazama mmoja mmoja, akayavua tena. Tukafika Sengerema. Pale nilimnunulia mihogo ya kukaanga kupitia dirishani akaila kwa hasira, akiniambia mhogo ni mhogo na samaki ni samaki.

Katoro: mashine ya kusoma dhahabu

Geita tulipita vizuri. Katoro basi likatoa moshi, likasimama mbele ya duka la magodoro, na dereva akashuka na kuingia chini ya gari bila kutuaga. Tukaambiwa nusu saa. Mnaosafiri mnajua nusu saa hiyo.

Babu akaamua kukagua tromboni kama haikupinda. Akaifungua kando ya barabara, akaunganisha, akavuta mrija mpaka mwisho, akauelekeza chini, akapuliza taratibu kutoa unyevu. Akahama hatua moja, akapuliza tena. Nilikuwa nachagua ndizi kwa mama mmoja, na nilipogeuka nilikuta wanaume watatu wenye vumbi la shimoni mpaka kwenye kope wamemzunguka kwa heshima kubwa.

"Shikamoo mzee," akasema mkubwa wao, aliyejitambulisha kama Maduhu. "Hiyo inasoma kwenye udongo tu, au mpaka kwenye mwamba?"

Kule kwa wachimbaji, mtu akitembea na chuma kirefu akikielekeza ardhini, anatafuta dhahabu. Hakuna kazi nyingine. Nikawahi kumjibu kwamba hicho ni chombo cha muziki na babu yangu ni mpiga dansi mstaafu.

Maduhu akanitazama kwa huruma. "Dada, wenye mashine wote husema hivyo. Yule wa mwaka jana alisema ni ya kupimia barabara."

"Kaka, ni tromboni."

"Sawa, tromboni," akasema, akawageukia wenzake. "Ya kwetu ya zamani ilikuwa ya aina nyingine."

Nikamwomba Babu mwenyewe awaeleze. Kosa kubwa. Babu alikuwa na njaa tangu Buhongwa, na mbele yake walisimama watu watatu wanaomwangalia kama alivyoangaliwa zamani. Akauliza kama kwao kuna chakula. Kilikuwepo. Tukaletewa ugali na sato wa mchuzi, sato mzima, kichwa kimetazama kwa Babu. Akala bila haraka, akanawa, akavaa meno, akasema, "Haya, eneo lenu liko wapi?"

Mimi nilikwenda nyuma yao nikinong'ona kila sala ninayoijua. Eneo lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba zao, vifusi kila upande. Babu akasimama katikati akapiga wimbo wa Mwaloni Jazz, taratibu, akitembea, mrija ukienda na kurudi. Wale watatu wakavua kofia. Alipofika karibu na mti wa mpapai, mbwa mmoja wa kahawia akalala chini, akainua pua, akalia kwa uchungu mrefu. Maduhu akaenda pale pale alipolala mbwa, akachomeka kijiti.

"Babu," nikasema, "waambie ukweli."

"Nimewaambia ni muziki. Wewe mwenyewe umewaambia mara mbili."

Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi. Basi halikupona siku hiyo, tukalala gesti, na asubuhi tulipoondoka walikuwa wameshachimba hadi magotini. Siku tuliyorudi nilichungulia dirishani nikiwa nimejifunika kanga usoni. Walikuwa kifuani, wanachimba kwa moyo mmoja, na yule mbwa amefungwa kamba pembeni kwa kazi zaidi.

Katoro hadi Muleba: msafara wa heshima

Sina mengi ya safari hii, maana nililala. Niliamshwa na Babu akinieleza kuwa migomba imeanza, kama vile nisingeiona. Kwa Bibi Koleta tulifika alasiri. Nyumba iko ndani ya shamba la migomba na kahawa, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba, amenyooka, gauni la pasi.

Nikapiga magoti kumwamkia. Yeye na Babu wakaitana shemeji, wakashikana mikono, wakaanza kuulizana habari za watu ambao nusu yao walikuwa wamekufa, na kila aliyekufa akapewa pole yake na historia yake fupi. Tukapewa buni za kahawa kavu kwenye kikapu kidogo, tutafune. Mimi sikujua kwamba zinatafunwa taratibu, nikajaza mdomo kama karanga, nikakesha macho makavu hadi alfajiri.

Babu akatoa zawadi yetu, mfuko wa michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Bibi Koleta akachukua kipande, akakigonga mezani kikalia.

"Shemeji, hiki kinaliwa?"

"Kinachemshwa kwanza."

"Ee waitu," akashangaa kwa Kihaya, akakirudisha mfukoni kwa adabu. Nyie mnajua michembe ilivyo tamu. Lakini nilimwelewa, maana aliyezaliwa ndani ya ndizi mbichi haoni sababu ya kukausha chochote.

Babu hakuuliza kanda. Pale mgeni haulizi jambo lake kabla hajala, na tukala ndizi kwa maharage mpaka nikafungua kifungo. Baada ya kula hakuuliza kwa sababu tulikuwa tumekula. Kisha ikawa ni wakati wa sala. Nilikuwa nimeomba siku tatu, mbili zimekwisha, na hawa wawili wanazungumzia bei ya nyama ya zamani. Nikajikaza.

Muleba mjini: ukanda wa tyubu

Asubuhi Bibi Koleta akatoa redio ya kaseti chini ya kitanda, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tukaipeleka kwa fundi sokoni. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akatuonyesha kamba nyeusi iliyokatika vipande kama tambi.

"Mkanda wa kuzungushia umeoza. Siku hizi hauuzwi. Labda Kampala."

Babu akauliza ulikuwa wa nini. Wa mpira, fundi akasema. Babu akafungua blanketi, akafungua ule ukanda wa tyubu ya baiskeli uliofunga mrija wa tromboni, akauweka mezani. Fundi akautazama, akamtazama Babu, akachukua wembe. Alichonga utepe mwembamba, akaupima, akautupa, akachonga mwingine. Wa tano ukakubali.

"Ila itazunguka polepole kidogo," akasema.

"Na mimi nazunguka polepole," Babu akamwambia.

Tukarudi, mrija wa tromboni nimeushika mimi kwa mikono miwili njia nzima, maana haukuwa na cha kuuzuia.

Sebuleni kwa Bibi Koleta: dakika moja na nusu

Kanda ilitoka ndani ya sanduku, kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Bibi Koleta aliitia mwenyewe. Babu akasogeza kiti mpaka sikio la kushoto likawa limegusa spika, akafumba macho.

Kwanza mkwaruzo. Halafu magita, mazito kwa sababu ya ule mpira, na besi la Mzee Laurian likitembea chini yao. Bibi Koleta akatikisa kichwa mara moja. Kisha tromboni ikaingia.

Jamani. Mimi nimemsikia Babu akipiga maisha yangu yote, uani, chooni, siku za Krismasi. Sikuwa nimemsikia kijana. Ilikuwa karibu mno, unamsikia anavuta pumzi kabla ya mstari, unasikia mate kidogo kwenye bomba. Iliimba kama mtu anayekubembeleza usiondoke. Nilimtazama Babu, na vidole vyake vilikuwa vinasukuma mrija usiokuwepo.

Ikafika mahali wimbo unapanda. Babu akainua kidevu. Na hapo wimbo ukakatwa katikati, sauti ya mtangazaji ikasema, "Sasa ni wakati wa matangazo ya vifo."

Babu akafumbua macho. Mimi nikanyoosha mkono nizime, lakini nikamwona Bibi Koleta. Alikuwa amekaa wima, mikono amekunja mapajani. Kumbe kwake kanda ndiyo kwanza inaanza.

Mtangazaji akasoma, kwa ile sauti yao ya kuburuta, kwamba Bwana Felisiani wa Kamachumu amefariki dunia. "Habari zimfikie bintiye Koleta, mke wa Laurian, huko Mwanza." Kisha kanda ikakwama na kuzima.

Bibi Koleta akatueleza kwamba siku hiyo Laurian alikuwa anarekodi besi lake kutoka redioni, na kidole kilikuwa njiani kwenda kwenye kitufe cha kuzima waliposikia jina la baba yake Koleta mwenyewe. Kikabaki hewani. Ndivyo walivyojua. Walipofika Kamachumu wakakuta kaburi tayari. "Ndiyo maana haijawahi kurekodiwa juu yake," akasema. "Watoto walirekodi kwaya juu ya kanda zote za baba yao. Hii niliificha."

Babu akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Pole sana, shemeji."

"Ahsante, shemeji. Yamepita."

Nikatoa pole na mimi, kwa msiba wa kabla sijazaliwa, na machozi yalikuwa ya kweli. Tukairudisha nyuma tukasikiliza mara tatu. Kila mara wote wawili walikaa vile vile, Babu sikio kwenye spika mwanzoni, Bibi Koleta mikono mapajani mwishoni.

Baada ya mara ya tatu Babu akasema, kwa sauti ndogo, "Ulikuwa na dakika mbili zaidi. Pale ulipokatwa ndipo nilipokuwa naanza kazi."

"Unazikumbuka?" Bibi Koleta akauliza.

Babu akaanza kufungua blanketi. Alipoweka tromboni mdomoni, akaangalia picha ya marehemu ukutani, vioo vya kabati, kitukuu wa Bibi Koleta aliyelala kwenye kochi. Hakuna aliyemwambia kitu. "Najua njia," akasema, akatoka nje mwenyewe, akasimama kando ya pipa la maji.

Mimi nikawasha simu nirekodi, nikaiweka mezani vizuri isitikisike, nikajiona mjanja. Babu akaanza pale pale wimbo ulipokatwa. Hakuwa na pumzi ya yule kijana. Noti nyingine alizifikia kwa kuomba, nyingine akazipita bila kuzigusa. Lakini alikuwa anamalizia.

Bibi Koleta akanigusa bega. "Wewe mjukuu. Mbona simu iko huku na mzee yuko kule?"

Niliinyakua simu nikatoka mbio. Nikasimama mbele yake, karibu kabisa, simu nimeinua mdomoni mwa tromboni. Babu akaniona, macho yakacheka, akasukuma mrija mpaka mwisho, ukanigonga kiwikoni. Simu ikaniponyoka, nikaidaka kwa mkono wa pili. Kwenye rekodi mnasikia nikisema neno ambalo Bibi Koleta alijifanya hakulisikia. Sikurudi nyuma hata hatua moja.

Kurudi Buhongwa

Bibi Koleta hakuruhusu wageni wasafiri Jumapili, kwa hiyo siku ya tano imetoka hapo, mwambieni na msimamizi. Tulirudi na mkungu wa ndizi mapajani kwangu na tromboni mapajani kwake. Darajani nilimwamsha atazame. Akatazama, akasema samaki wake wamo humo humo chini.

Jioni nilimwita Neema, nikamvalisha spika za masikioni, nikamwekea rekodi ya Muleba. Nilisubiri aulize swali lake. Akaruka, akazivua.

"Mama, punguza. Babu ananipulizia sikioni."

Babu alikuwa kwenye kiti chake na meno mfukoni. Akauliza mtoto amesemaje. Nikainama kwenye sikio la kushoto nikamwambia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, na tena.

Ni ile mara ya kwanza tu aliyoomba kwa sababu hakuwa amesikia.